Usikague chakula kimoja, kagua wiki nzima: namna ya kupanga ulaji wa kupunguza hatari ya saratani ya matiti

Kabla hujatupa chochote jikoni, tafuta daftari. Ndivyo ninavyomwambia kila mwanamke anayekuja kwangu kupata ushauri wa lishe akitaka kujua ale nini ili saratani ya matiti impitie mbali. Wengi hufika na orodha tayari: sukari imekatazwa, maziwa yamekatazwa, soya imekatazwa, nyama imekatazwa, na chini kabisa limeandikwa jina la unga fulani wa majani ambao eti unasafisha damu. Mmoja orodha yake ilijaa karatasi mbele na nyuma. Mama yake mdogo alikuwa ametoka kuondolewa titi, naye hofu ilimwingia hadi mifupani. Alikuwa amekonda, analalamika kizunguzungu, na alichobakiza ni matunda na chai. Niliielewa hofu yake. Ila orodha ile haikuwa ikimkinga na chochote.

Mwili haupokei chakula kimoja kimoja. Unapokea mlo, kesho mlo mwingine, na hivyo hivyo kwa miaka. Anayekula kunde na mboga kwa wingi mara nyingi ndiye huyo huyo ambaye soseji hazionekani sana mezani kwake na soda hainywi kila siku, sasa sifa utaipa mboga, kunde, au kule kukosekana kwa soseji? Watafiti wameliona hilo, na ndiyo maana wengi wao siku hizi hupima mpangilio mzima wa ulaji badala ya kufukuzana na kirutubisho kimoja.

Ushahidi wa zamani unaonishawishi zaidi ni ule wa wanawake wa Kijapani waliohamia Marekani. Saratani ya matiti ilikuwa ndogo sana Japani ikilinganishwa na Marekani. Baada ya kuhama, hatari ilipanda kizazi kwa kizazi, mpaka wajukuu wakakaribiana na wenyeji wao. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni maisha: chakula, uzito, umri wa kuvunja ungo, idadi ya watoto, muda wa kunyonyesha. Chakula kimo ndani ya mabadiliko hayo, lakini hakimo peke yake.

Niseme na hili mapema, maana linaumiza watu. Mwaka 2022 wanawake kama milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na kama 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya saratani hizi huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Kwa hiyo ukiwa na dada au rafiki aliyeugua, usimuulize alikuwa anakula nini. Wapo waliokula vizuri maisha yao yote na wakaugua. Tunachofanya hapa ni kupunguza uwezekano. Hakuna sahani inayotoa dhamana.

Sasa daftari.

Andika siku saba mfululizo, na mwisho wa wiki uwemo, kwa sababu Jumamosi ya mtu na Jumanne yake hazifanani. Andika pale pale unapomaliza kula. Ukisubiri usiku utakumbuka mlo na kusahau vitafunio. Andika na vinywaji, na sukari uliyotia, na mafuta yaliyotumika kupikia. Kipimo kisikusumbue: kikombe, kijiko, ngumi yako, kiganja chako vinatosha. Na wiki hiyo usibadilishe chochote. Kuna wanaoniletea daftari safi kama la mtihani; hilo halinisaidii, wala halimsaidii aliyeliandika.

Wiki ikiisha, chukua kalamu mbili za rangi. Ya kijani pigia mstari mboga, matunda, maharage na jamii yote ya kunde, nafaka zisizokobolewa, karanga, korosho na mbegu. Nyekundu pigia nyama za kusindikwa kama soseji na nyama za kopo, vinywaji vya sukari, na vyakula vya kiwandani ambavyo ukisoma pakiti unakuta majina usiyoweza kuyanunua sokoni. Samaki, mayai, maziwa, kuku, nyama isiyosindikwa, wali mweupe na mkate mweupe viache bila rangi. Pombe izungushie duara, hata kama ni tone. Tutairudia peke yake kwa sababu ushahidi wake ni wa daraja lingine.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja, wa Jumatano, wa mama mwenye miaka hamsini na kitu ambaye hedhi ilikuwa imeshakoma. Asubuhi: mkate mweupe vipande viwili na siagi, chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari. Saa nne: biskuti pakiti ndogo. Mchana: chipsi na soseji mbili, soda. Jioni: wali mweupe sahani iliyojaa, nyama ya mchuzi, mboga ya majani vijiko viwili. Usiku mbele ya televisheni: biskuti zilizobaki. Kijani kilikuwa mstari mmoja tu, wa vile vijiko viwili. Yeye mwenyewe alidhani tatizo ni siagi.

Siagi sikuigusa. Tulianza na kilichokosekana, na ndivyo nitakavyokushauri: ongeza kwanza, kuondoa kutafuata kwenyewe kwa sababu tumbo lina mipaka.

Kilichokosekana zaidi kilikuwa nyuzinyuzi. Estrojeni ndiyo homoni inayochochea saratani nyingi za matiti kukua. Ini huitoa estrojeni iliyokwisha kazi na kuipeleka kwenye utumbo kupitia nyongo ili itoke na choo. Lakini sehemu yake hufunguliwa tena na bakteria wa utumboni na kunyonywa kurudi kwenye damu. Nyuzinyuzi huharakisha safari ya choo na kupunguza kile kinachorudi. Pia hutuliza kupanda kwa sukari ya damu na insulini, na zinashibisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti 20 za kufuatilia watu kwa miaka, ulikuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 8 kuliko waliokula kidogo zaidi. Asilimia 8 si muujiza. Lakini ni faida inayokuja na nyingine, kwa moyo, kwa kisukari, kwa utumbo mpana, na haina gharama ya afya upande wa pili.

Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na angalau gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha dengu zilizopikwa kina kama gramu 15 za nyuzinyuzi, yaani zaidi ya nusu ya safari kwa kikombe kimoja. Hivyo kwenye ukurasa ule wa Jumatano tulifanya mabadiliko matatu tu: soseji za mchana zikapisha maharage au dengu, mkate mweupe ukapisha wa ngano isiyokobolewa, na kijiko cha mboga cha jioni kikawa cha kwanza kuingia kwenye sahani, mpaka nusu ya sahani ijae, ndipo wali na nyama vigawane nusu iliyobaki. Nyama ya mchuzi ilibaki. Biskuti za usiku zilipungua bila kuzizungumzia, kwa kuwa hakuwa tena na njaa.

Tahadhari moja ya kiutendaji: usiruke kutoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja. Tumbo litajaa gesi na utaacha. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, loweka kunde usiku na umwage maji yake, na unywe maji ya kutosha.

Mboga za aina gani? Watafiti wa Harvard waliowafuatilia wauguzi wanawake wa Marekani kwa miongo kadhaa walichapisha mwaka 2019 kwamba waliokula zaidi ya milo midogo 5.5 ya mboga na matunda kwa siku walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 11 kuliko waliokula 2.5 au pungufu. Zilizojitokeza zaidi zilikuwa jamii ya kabeji, kama brokoli na koliflawa, na zenye rangi ya njano na chungwa, kama karoti na boga. Mlo mdogo mmoja wa namna hiyo ni nusu kikombe cha mboga zilizopikwa au kikombe kimoja cha mboga mbichi za majani. Badilisha rangi kila siku, basi. Sipendi kumtwisha mtu brokoli kila jioni mpaka aichukie.

Hapa ndipo watu huniuliza kuhusu vidonge: kama rangi ya karoti inasaidia, kwa nini nisimeze dawa yake? Finland walijaribu kitu kinachofanana na hicho, kwa saratani ya mapafu. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vidonge vya betakarotini, yaani hiyo rangi ya karoti. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Kiini kilichochomolewa kwenye chakula hakifanyi kazi ya chakula. Fedha ya vidonge nunulia mboga.

Mafuta nayo yana historia ndefu, na inafundisha namna ya kusoma habari za utafiti. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mafuta ndiyo adui mkuu wa titi. Marekani wakaanzisha jaribio kubwa miaka ya 1990 likiwa na wanawake 48,835 waliokwisha koma hedhi. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta hadi asilimia 20 ya nishati ya siku na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Jingine liliendelea kama kawaida. Baada ya takribani miaka 8, saratani ilikuwa pungufu kwa asilimia 9 kwenye kundi la kwanza, tofauti ndogo ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Magazeti yakatangaza kwamba chakula hakina maana. Lakini wanawake wale waliendelea kufuatiliwa, na baada ya karibu miaka 20 vifo vilivyotokana na saratani ya matiti vilikuwa pungufu kwa asilimia 21 kwenye kundi lililobadilisha ulaji. Ni mafuta, au mboga zilizoongezeka, au kilo chache zilizopungua? Haviwezi kutenganishwa, na kwa mtu anayekaa mezani kula havihitaji kutenganishwa.

Hispania nako walijaribu njia tofauti, ulaji wa Mediterania: mboga, kunde, samaki, karanga, matunda, na mafuta ya zeituni kwa wingi badala ya kuyapunguza. Mwaka 2015 walitoa taarifa ya wanawake 4,282 wenye umri wa miaka 60 hadi 80. Waliopewa mafuta ya zeituni yasiyosafishwa kiwandani walipata saratani ya matiti pungufu kwa asilimia 68 kuliko kundi linganishi. Asilimia hiyo inavutia macho, na nimeiona ikisambazwa bila sentensi inayofuata: visa vyote kwa makundi yote vilikuwa 35 tu. Idadi ikiwa ndogo hivyo, visa vichache kuhamia upande mwingine hubadilisha hesabu nzima. Nashauri mafuta ya mimea yawe mafuta yako ya kawaida, ya zeituni ukiyapata. Sikuahidi asilimia 68.

Ninachokiona nikiweka majaribio haya mawili pamoja ni kwamba moja lilipunguza mafuta na jingine likayamimina, na yote mawili yakaelekea upande mmoja. Yanachoshiriki ni mboga na matunda. Na vyakula vya pakiti je? Utafiti wa Ufaransa wa watu 104,980, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba kila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi vilipoongezeka kwa asilimia 10 katika ulaji, hatari ya saratani ya matiti ilikuwa kubwa kwa asilimia 11. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi chanzo, lakini mistari myekundu ya daftari lako inastahili kupungua kwa sababu nyingi mno kusubiri uthibitisho wa mwisho.

Sasa lile duara. Pombe ndicho kitu pekee mezani ambacho sina namna ya kukizungumzia kwa upole. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la visababishi vya hakika vya saratani tangu mwaka 1988, na titi limo kwenye orodha ya viungo vinavyodhurika. Mwili huigeuza kuwa asetaldehaidi, inayoharibu DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, na pia huinua estrojeni kwenye damu. Uchambuzi wa tafiti 53 uliotolewa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kila gramu 10 za pombe kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hivi.

Gramu 10 ni kiasi gani? Zidisha mililita za kinywaji kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, kisha kwa 0.8, ugawanye kwa 100. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Glasi ya divai ya mililita 150 yenye asilimia 12 ni zaidi kidogo ya gramu 14. Divai nyekundu haina msamaha. Tuchukue mfano wa nchi ambako wanawake 8 kati ya 100 watapata saratani ya matiti maishani. Hao 100 wote wakinywa bia ile moja kila siku kwa miaka, 8 watakaribia 9. Kwa mmoja mmoja ni nyongeza ndogo. Kwa kiwanja kilichojaa wanawake ni wengi. Ukiweza kuacha, acha. Usipoweza, zipunguze siku na upunguze glasi, na ukihitaji msaada wa kuacha uombe bila aibu. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, maana kuacha kwa ghafla kunaweza kumletea degedege.

Uzito una kipande chake, na umri hubadilisha maana yake. Ovari zikishastaafu, chanzo kikuu cha estrojeni kinakuwa mafuta ya mwili, ambayo yana kimeng'enya kiitwacho aromatezi kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mafuta yakizidi, estrojeni huzidi. Kwa hiyo kilo zinazoongezeka taratibu tangu ujana mpaka baada ya kukoma hedhi ndizo ninazozitazama kuliko kilo za leo. Pima kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa mwezi, utepe usikazwe, pumzi ikiwa imetoka. Kisipoongezeka mwaka hadi mwaka, tayari umefanya kazi kubwa. Kujinyima kwa mwezi mmoja na kurudisha kilo zote mwezi unaofuata hakusaidii. Kutembea kwa kasi kila siku kunasaidia hata kilo zisipopungua.

Una binti? Asile chakula tofauti na chako. Titi hujengeka tangu kuvunja ungo mpaka mimba ya kwanza, na tishu inayojengwa ni rahisi kuguswa. Wanawake zaidi ya 44,000 wa utafiti wa pili wa wauguzi wa Marekani walioeleza walichokula wakiwa wasichana waliangaliwa, na mwaka 2016 ikaonekana kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi katika ujana walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 16. Lakini usimtishe kwa saratani. Binti wa miaka kumi na minne akitishwa kuhusu mwili wake ataacha kula, na hilo nimelishuhudia. Weka kunde mezani, basi.

Yale makatazo mengine niyapitie haraka. Soya kama chakula haijaonekana kuongeza hatari, na katika utafiti wa Shanghai wa wanawake 5,042 waliokuwa wamepona saratani ya matiti, waliokula soya zaidi ndio waliorudiwa na ugonjwa mara chache. Maziwa hayana ushahidi wa kukufanya uyaache. Sukari hailishi saratani moja kwa moja zaidi ya inavyolisha seli nyingine zote. Shida yake ni kilo inazoleta, hasa ikiwa kwenye vinywaji. Mfungo mrefu na maji ya ndimu havisafishi estrojeni. Kazi hiyo ni ya ini na utumbo.

Rudia daftari baada ya miezi mitatu, siku saba zile zile, kalamu zile zile. Mama wa Jumatano aliporudia, soda ilikuwa imehamia mwisho wa wiki na kijani kilikuwa kwenye kila mlo, ingawa kwenye kifungua kinywa kilikuwa cha mkate tu. Tuliongeza tunda asubuhi na karanga kiganja kimoja. Wali mweupe aligoma kuuacha, nami sikumlazimisha.

Kama tayari uko kwenye matibabu, mabadiliko makubwa yapitishe kwa wanaokutibu, na usimeze dawa ya mitishamba au virutubisho bila wao kujua, kwani baadhi huingiliana na dawa za saratani. Wakati wa tiba ya kemikali kipaumbele ni kula kiasi cha kutosha na protini ya kutosha, hata kama sahani haipendezi. Kama mama, dada au watoto wa ndugu zako wameugua wakiwa vijana, au kuna saratani ya ovari au mwanamume mwenye saratani ya matiti katika ukoo, uliza kuhusu kipimo cha BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na hitilafu ya kurithi hatari hupanda sana. Hapo chakula kinasaidia kidogo na ufuatiliaji wa karibu unasaidia sana. Nenda kupimwa mammogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kwa umri na ratiba ya huduma ya afya unayoitumia.

Na ukikuta uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kukunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa majimaji ya damu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mlo mpya utauondoa, na usitulizwe na kutokuumia, kwa kuwa uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.